Kibodi Kubwa, Yenye Waya

Nyahururu
14 Machi 2010

Dada Njambi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Gideon na watoto. Sisi huku tuko. Mama magoti yanamsumbua kukiwa na baridi, na Nyahururu unaijua, baridi haiishi. Lakini ng'ombe bado anamkamua mwenyewe na hataki mtu amguse. Cynthia yuko darasa la sita. Sasa ananifika begani. Anaikumbuka Eldoret kuliko ninavyotaka.

Ningepiga simu, lakini tukiongea kwa simu wewe unaanza kulia, mimi naishia kukubembeleza, na credo inaisha kabla hatujasema kitu. Afadhali karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Mwalimu Johnstone wa shule ya Cynthia amenipa kompyuta ya mezani. Shule ilipata mpya, na hii walikuwa wanaitupa. Skrini ni ile nene ya zamani lakini inawaka. Mausi iko. Kibodi ndiyo haipo. Nimezunguka maduka ya hapa, wanauza chaja za simu na tochi.

Kuna kazi. Tume inachukua taarifa za watu waliofukuzwa zile siku za fujo za uchaguzi, na huku tumejaa, watu wa Burnt Forest, wa Langas, wa kila mahali. Wengi hawajui kuandika maneno yakanyooka. Padri ameniomba niwachapie. Mtu anasimulia, mimi nachapa, anatia kidole. Shule nazo zinataka orodha za alama za mtihani. Tangu duka langu la kuchapa lichomwe kule Langas sijafanya kazi ya maana.

Nisikilize vizuri, dada. Nataka kibodi ya kawaida, kubwa, upana kamili. Iwe na waya. Iwe na ule mraba wa nambari upande wa kulia. Kichwa cha waya kiwe kile cha mviringo chenye vijisindano, kwa sababu tundu la USB linalofanya kazi ni moja tu na mausi imeshalichukua. Usininunulie ndogo. Usininunulie isiyo na waya. Mpe mtu wa basi la Nyahururu, waandike jina langu juu.

Mama anakusalimu. Anauliza utakuja lini. Namwambia una kazi nyingi.

Mdogo wako,
Warigia


Kapsoya, Eldoret
2 Mei 2010

Warigia wangu mpendwa,

Pole sana kwa kuchelewa, mdogo wangu! Barua yako ilifika mapema lakini unajua nyumba ya watoto watatu, ukikaa chini kuandika mmoja amemwaga chai. Tuko salama. Mvua imenyesha vizuri mwaka huu, Gideon amepanda mahindi kule kwao Moiben na anasema yakiendelea hivi tutakosa magunia. Anaendelea kufundisha palepale. Jeruto anaimba kwaya ya shule, walifika mpaka mashindano ya mkoa. Ungemsikia ungelia.

Mwambie Mama nitakuja. Mwaka huu lazima. Mpake magoti mafuta yenye pilipili, yanasaidia.

Wiki jana nilipita Langas kununua mkaa. Pale palipokuwa na duka lako sasa ni kinyozi. Wamepaka ukuta rangi ya kijani, lakini wamepaka mpaka pale mkono wao ulipofika, juu bado ni mweusi. Nilisimama nikakumbuka zile siku. Kila nikikumbuka nasema, laiti tungekuwa nyumbani! Lakini unajua tulikuwa tumeshaondoka, tulikuwa Moiben kwa kina Gideon tangu Jumamosi.

Haya, kibodi. Nimeuliza hapa na pale. Wanasema siku hizi watu hawataki za waya, waya zinajaa mezani kama nyoka. Na hizo kubwa ni za maofisi ya serikali. Lakini nitaangalia. Unataka nyeusi au nyeupe? Nyeupe inaonyesha uchafu, lakini inapendeza nyumbani.

Gideon anakusalimu sana.

Dada yako akupendaye,
Njambi


Nyahururu
20 Mei 2010

Dada Njambi,

Nimefurahi kusikia mko wazima na mvua imekuwa njema. Mama amepakwa pilipili, amenitukana.

Rangi sijali. Kubwa. Ya waya. Nambari upande wa kulia. Kichwa cha mviringo.

Kwa sasa Mwalimu Johnstone ananiazima kibodi ya shule Jumamosi asubuhi, naichukua mwenyewe na kuirudisha mwenyewe. Jumamosi iliyopita nilimchapia mzee wa Burnt Forest aliyesimulia saa tatu nzima. Alipomaliza akauliza kama naweza kuondoa ile sehemu ya jirani yake, kwa sababu jirani huyo ndiye aliyemfundisha mtoto wake kuendesha baiskeli. Nikaiondoa. Akafika mlangoni, akarudi akasema irudishe.

Sina mengine.

Warigia


Kapsoya
11 Julai 2010

Warigia wangu,

Habari za siku nyingi! Sisi wote tulikuwa na homa, mmoja baada ya mwingine, ndiyo maana kimya. Sasa tumepona. Gideon amefanywa naibu wa mwalimu mkuu, mshukuru Mungu pamoja nasi.

Na sasa fungua mzigo! Nilienda mjini na Jeruto, kwa Khalid mwenye duka la vitu vya kompyuta. Ni kijana mstaarabu sana. Nikamwambia dada yangu ni mchapaji, yuko mbali, namtafutia kitu kizuri. Akaniuliza, "Yeye mwenyewe amesema anataka ya aina gani, mama?" Nikamsomea kutoka kwa barua yako. Akatoa moja nyeusi, Warigia, nzito kama ubao wa kukatia nyama. Vumbi mpaka ndani ya vibonye. Nikaona siwezi kukutumia kitu kama hicho, baada ya yote uliyopitia.

Ndipo nikaiona hiyo. Ndogo, ya rangi ya fedha, nyepesi, inakaa kwenye mkoba. Haina waya hata kidogo, unachomeka kile kidude tu. Khalid akaniambia, "Lakini mama, mtu akitaja mpaka umbo la kichwa cha waya, huyo ana sababu yake. Mpigie kwanza umuulize." Nikamwambia mimi ni dada yake, namjua tangu akinyonya. Jeruto akasema, "Mama, Aunty alisema kubwa." Nikamnyamazisha. Watoto wa siku hizi.

Nataka uwe na kitu kizuri nyumbani kwako. Unastahili. Uichape barua yako ya kwanza kwangu!

Dada yako,
Njambi


Nyahururu
25 Julai 2010

Dada Njambi,

Natumaini homa imeisha kabisa. Mpongeze Gideon. Sisi tuko. Cynthia amekuwa wa tatu darasani.

Kibodi yako ninairudisha na basi hilohilo. Haijatumika, Khalid anaweza kuipokea.

Ulipoandika Mei ukaniuliza rangi, nilisoma barua mpaka mwisho, nikageuza karatasi kuona kama nyuma umeuliza kwa nini naitaka kubwa. Nyuma hakukuwa na kitu. Kibodi ningeipata Nakuru, dada. Mwalimu Johnstone huenda Nakuru kila mwezi. Niliagiza kwako kwa sababu nilitaka uniulize. Mwenye duka asiyenijua ameuliza. Wewe umenijua tangu nikinyonya.

Basi nitasema bila kuulizwa. Mkono wangu wa kushoto hauna vidole vitatu. Cha kati, cha pete na kidogo. Nina gumba na cha shahada. Kwa kidole kimoja upande huo, kibodi ndogo inanibonyezea herufi mbili kwa mpigo. Nyepesi inateleza mezani kwa sababu siwezi kuishikilia. Nambari za mstari wa juu sizifikii, ndiyo maana nataka zile za kulia. Isiyo na waya inataka tundu la USB, na tundu hilo nilikwambia ni la mausi. Kila neno nililoandika Machi lilikuwa na sababu.

Mama anajua. Nilimwomba asikwambie. Kuandika naandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo kwenye barua usingeona. Ungeona kama ungekuja. Hukuja kwenye kambi ya waliofukuzwa pale Showground, kilomita chache kutoka kwako, na hujakuja huku.

Vidole vilikatwa tarehe 31 Desemba 2007, Jumatatu, kama saa tisa mchana, kwenye barabara ya kutoka Kapsoya kwenda Munyaka. Niliweka mkono juu ya kichwa cha Cynthia. Panga lilikuwa limeshateremka.

Tulikuwa tunatoka kwenu. Tulitembea kwa miguu kutoka Langas, tukiuzunguka mji kwa nyuma, kwa sababu nilimwambia mtoto, tukifika kwa Tata Njambi tumepona. Tuligonga geti. Cynthia aliita, "Tata! Tata, ni sisi!" Ndani redio ilikuwa inasoma habari. Tulipogonga mara ya pili, redio ikazimwa. Tulisimama pale mpaka niliposikia vijana wanakuja kutoka upande wa maduka.

Umeniambia mara nne kwamba mlikuwa Moiben. Mara ya nne ni kwenye barua ya Mei, na sikuwa nimekuuliza.

Niambie kitu kimoja tu. Kama mlikuwa Moiben, redio ilizimwa na nani?

Warigia


Kapsoya
3 Oktoba 2010

Warigia,

Natumaini ninyi ni wazima. Mama pia.

Barua yako nimeishi nayo zaidi ya miezi miwili chini ya godoro. Nimeanza kukujibu nikachana, nimeanza tena nikachana. Vidole vyako, mdogo wangu. Nani angejua? Kwa nini hukuniambia siku zote hizo? Mimi ningekuja mbio.

Ni kweli, tulikuwa nyumbani. Nisamehe kwa uongo ule. Lakini elewa, haikuwa mimi. Gideon ndiye aliyekataa. Vijana walikuwa wamepita asubuhi wakasema nyumba itakayoficha mtu itachomwa na walio ndani. Nikataka kutoka, akanishika mikono. Akasema unataka watoto wafe? Mimi ni mwanamke kwa boma la mwanaume, ningefanya nini? Alizima redio yeye.

Tafadhali Mama asijue. Ana presha. Na Gideon usimwandikie kuhusu jambo hili, itavunja nyumba yangu.

Kibodi nitatafuta nyingine. Ile Khalid aliipokea.

Njambi


Nyahururu
17 Oktoba 2010

Njambi,

Hapa tuko wazima.

Sikushangaa. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikijiambia ni Gideon. Nilikuwa nikikupikia hadithi hiyohiyo uliyoniandikia, mpaka ile ya kushikwa mikono. Ilinisaidia kulala.

Sasa nisikilize. Nimeshachapa taarifa za watu mia moja na kumi na wawili, Jumamosi kwa Jumamosi, kwa kibodi ya kuazima. Yangu ndiyo ya mwisho. Fomu inataka majina ya waliofanya, na ya walioweza kusaidia wakakataa. Nitaandika Gideon, majina yake yote mawili, na shule ambayo yeye ni naibu wa mwalimu mkuu. Nitaandika kwamba alimshika dada yangu mikono asinifungulie.

Watu hawa wametaja majina ya jirani zao na kutia kidole. Siwezi kuwachapia wao halafu yangu niifiche kwa sababu ni ya shemeji.

Padri anapeleka karatasi zote tarehe thelathini Novemba. Kama kuna cha kubadilisha, nijulishe kabla ya hapo.

Warigia


Kapsoya
14 Novemba 2010

Warigia,

Salamu nitaziruka leo, nisije nikajificha ndani yake.

Usiandike jina la Gideon. Gideon hakuwepo.

Siku ile alitoka saa mbili asubuhi kutafuta gari la kutupeleka Moiben. Kabla hajatoka, ni kweli vijana walikuja. Waliuliza hii ni nyumba ya nani, na mke ni wa kabila gani. Gideon akawajibu kwa lugha yao, ambayo ni yake pia, nyumba ni yangu na mke ni wetu. Mmoja alinitazama sana. Wakaenda. Gideon akatoka bila maneno mengi, akaniambia funga geti, ufunguo kaa nao wewe, nami nikautia kwenye mfuko wa aproni. Alirudi saa kumi na moja jioni. Akaniuliza kama kuna mtu amekuja. Nikasema hapana.

Nilikujua kwa kugonga. Hata kabla Cynthia hajaita, nilijua ni wewe, unagonga haraka haraka kama zamani ukitaka kuingia chooni. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule. Nikafikiri, nikifungua, wataona wanaoingia ni watu gani, na watakumbuka mimi ni mtu gani. Nilikuwa nimepona kwa jina la Gideon, Warigia, na nikaona jina hilo linanitosha mimi tu. Sikufikiria watoto. Watoto niliwafikiria baadaye, nilipokuwa natafuta la kusema. Redio nilizima mimi.

Nakwambia pia jambo la Jeruto. Barua yako ya Oktoba ilipofika nilikuwa naisoma jikoni, akaingia, akanitazama usoni. Akasema, "Ni mambo ya ile siku, Mama?"

"Siku gani?"

"Cynthia alipokuwa anaita kwenye geti. Nilitaka kumjibu ukaniziba mdomo. Nikakuuma."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kwamba aliniuma. Alikuwa na miaka tisa, na miaka hii yote hakuwahi kulitaja. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Nilidhani wamekufa na hutaki tuseme."

Gideon nilimwambia Jumapili baada ya kanisa. Hakupiga kelele. Alitoka akakaa kwenye gari pale uani, milango imefungwa, mpaka chakula kikapoa. Tangu siku hiyo ananisalimu asubuhi kama anavyosalimu walimu wenzake.

Jumatatu nilirudi kwa Khalid. Nikamwambia nataka kubwa, za waya, kichwa cha mviringo, anitolee zote alizo nazo. Zilikuwa tatu. Akazipanga juu ya kaunta. Nikakunja vidole vitatu vya mkono wa kushoto ndani ya kiganja, nikajaribu kuandika. Sijui kuchapa, unajua. Niliandika jina lako, na la Cynthia. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, ilinikimbia. Ya pili A inakwama, na nikaona A ndiyo utaifuata kwa taabu zaidi, iko mwisho kabisa upande ule. Ya tatu ni ile nyeusi yenye vumbi, ile niliyoicheka Julai. Vibonye vyake ni vipana na vina nafasi kati yake. Haikusogea. Nikaandika Warigia, Warigia, Warigia, mpaka vidole nilivyovikunja vikaanza kuuma. Wateja walikuwa wanangoja nyuma yangu. Khalid aliniletea kiti.

Aliisafisha kwa brashi, kibonye kimoja kimoja. Ndiyo hiyo. Nimejaribu nambari za kulia, zote zinafanya kazi.

Nilikuomba Mama asijue. Sikuombi tena. Andika unachotaka kuandika. Jina langu unalijua.

Njambi


Nyahururu
12 Desemba 2010

Njambi,

Hii nimeichapa, unaona. Kibodi inafaa. Haisogei, na A naifikia. Hapo nyamaza, usiniandikie kwamba umefurahi.

Barua yako ilifika na mzigo, na Mama alikuwa ameketi hapa. Kila barua yako ananiambia nimsomee, na kila mara nimekuwa nikiruka mistari na kutunga ya kwangu. Safari hii nilianza, nikaona hakuna mahali pa kuruka. Nikamsomea yote. Aliinuka akachukua ndoo akaenda kukamua. Ilikuwa saa saba mchana na ng'ombe alikuwa ameshakamuliwa. Nilimwona kupitia dirishani ameketi pale kwenye kigoda, ndoo tupu kati ya miguu, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe.

Baada ya siku tatu alisema Krismasi usije. Si maneno yangu, mimi hata sikumwuliza. Alisema atakuita mwenyewe siku akiweza kukutazama, na kama hatakuita, basi. Nakuandikia alivyosema.

Cynthia aliisoma barua bila ruhusa. Alinifuata nikifua, akaniuliza, "Kweli Jeruto alimuuma Tata?" Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa. Akauliza alimuuma mkono gani, kwa nguvu kiasi gani. Nikasema sijui, muulize mwenyewe. Basi Jeruto akitaka kumwandikia, amwandikie. Hayo ni yao wawili, wewe usiingie na usisome.

Gideon alinipigia simu. Alisema ni yeye, halafu akanyamaza, nami nikanyamaza, mpaka credo yake ikaisha. Miaka mitatu nimemchukia mtu huyo kila asubuhi nikifunga vifungo vya sweta ya mtoto kwa mkono huu. Sijui sasa chuki hiyo niipeleke wapi. Nikijaribu kuihamishia kwako haikai vizuri, na nikijaribu kuiacha haitoki. Siwezi kukuambia nimekusamehe. Ningekuwa nakudanganya, na katika familia hii tumeshadanganyana vya kutosha.

Taarifa yangu niliichapa tarehe ishirini na nane, siku mbili kabla ya padri kuondoka. Jina la Gideon halimo. Lako limo, majina yote, na la baba yetu mwisho. Nimeandika ulivyoniandikia. Ufunguo, redio, na mkono juu ya mdomo wa Jeruto. Sikuongeza na sikupunguza. Nimeandika pia kwamba uliniambia mwenyewe, kwa barua, bila kulazimishwa. Hilo nalo ni kweli, kwa hiyo nimeliweka.

Chini ya jina fomu ina mstari mmoja, uhusiano wako na mtu uliyemtaja. Kwa wale mia moja na kumi na wawili nilichapa jirani, au mwenye nyumba, au mteja, au simjui, na sikuwahi kusita. Wangu ulinichukua asubuhi nzima. Niliuacha wazi nikaenda kuchota maji. Nikarudi nikachapa neno, nikalifuta, nikachapa lingine, nikalifuta. Padri alikuwa ameshatuma mtu kuja kuchukua karatasi.

Mwishowe nikachapa: dada.

Warigia